Watu Hawahesabiwi Kiharo

Bwawa la Kiharo lilichimbwa kwa ajili ya ngano, si kwa ajili ya picha. Mzee Wahome alilichimba nyuma ya shamba lake, nje kidogo ya Timau, ili mimea isimfie wakati wa kiangazi, na kwa miaka mingi walioogelea humo walikuwa bata tu. Kisha binti mmoja wa Nairobi akapita, akaupiga picha mlima ukiwa kichwa chini ndani ya maji, akaituma mitandaoni, na muda si muda Wahome alikuwa amenunua kayaki tisa za plastiki, amejenga banda la chai, na amesimamisha ubao kando ya barabara: PWANI YA MLIMANI. Watu wa Timau walicheka mpaka wakachoka. Halafu wakaanza kuja wenyewe Jumapili baada ya ibada, wengine wakiwa bado na suti.

Aliyeshika ufuo alikuwa Murugi. Alikuwa mjane aliyeacha kazi ya shamba la maua baada ya kifua kumsumbua, na kwa Wahome alilipwa kuwavisha wageni jaketi za kuelea, kuwachemshia chai, na kuhakikisha kwamba kila aliyeingia majini ametoka. Hiyo kazi ya mwisho aliifanya kwa njia yake. Ufuoni palikuwa na gogo refu la mkaratusi. Kila aliyeingia kwenye kayaki alivua viatu na kuvipanga juu ya gogo, na aliporudi alivaa vyake akaenda zake. Gogo likiwa tupu, watu wote wametoka. Viatu vikibaki, kuna mtu bado yuko majini. Hakuna aliyetaja idadi.

Si kwamba Murugi hakujua hesabu. Alilelewa na cucu, nyanya yake, huko Nyeri, na kwa cucu watu hawakuhesabiwa, wala kondoo, wala mbuzi. Ukiwanyooshea watoto kidole ukisema mmoja, wawili, watatu, unamwambia nani? Wewe mama yao huna haja ya kuambiwa. Anayetaka kuambiwa ni yule mwingine anayesikiliza. Hata mabinti wa Mumbi, mama wa Wakikuyu wote, ambao kila mtu anajua walikuwa kumi, wazee waliwaita tisa kamili na kuishia hapo. Karani wa sensa alipofika kwa cucu, alitajiwa majina ya watu wa boma jina baada ya jina, kisha akaambiwa kujumlisha ataenda kujumlishia kwao.

Ndipo akaja Kefa, na cheti chake cha kuongoza kayaki.

Kefa alikuwa mtu wa Nyamira, lakini alikuwa amefanya kazi pwani kwa muda mrefu, akiwaongoza watalii kwa kayaki katikati ya mikoko ya Mida na kwenye mkono wa bahari wa Kilifi, na hakukuacha usahau. Ukimwomba chumvi angekueleza jinsi maji yanavyokupwa na kuacha mchanga mweupe katikati ya bahari, mahali unapoweza kushuka na kula chakula cha mchana huku kasa wakikuchungulia. Kiharo yeye alikuita beseni. Hata hivyo alikuwa mtu mwema, mcheshi, na kati ya wote alimpenda zaidi Mwai, kijana wa Murugi.

Mwai alikuwa na miaka ishirini. Alikuwa amemaliza chuo cha ufundi, kazi ya umeme bado haijapatikana, basi Kefa akamfundisha kushika kafi na kumfanya msaidizi wake: Kefa mbele ya wageni, Mwai nyuma yao. Ndiye aliyekuwa kifungua mimba wa Murugi, kisha akafuata Shiro aliyekuwa kidato cha pili, na baada ya Shiro baba yao Ngatia akafariki. Kwa hiyo Timau nzima ilimwita Murugi Mama Mwai, na yeye alilipenda jina hilo kuliko la ubatizo.

Jumamosi moja ya Julai, wakati ule wa baridi ambapo mlima unajifunika siku nzima, walikuja alasiri walimu saba kutoka Nyeri. Kiongozi wao alikuwa mwalimu Wendy, mwanamke wa kicheko kikubwa, aliyewapanga wenzake kama wanafunzi wa gwaride. Walivua viatu, wakapiga kelele kwa baridi ya nyasi, wakavishwa jaketi. Mwai naye akavua vyake: raba nyeupe ambazo Murugi alimnunulia sokoni Nanyuki siku aliyomaliza chuo, kisigino cha kushoto kimeshaanza kulalia upande kwa sababu ndivyo anavyotembea, na kamba moja ina fundo pale ilipokatika. Aliviweka mwisho wa gogo kama kawaida.

"Leo tunafanya vile inafaa," Kefa akasema akiwa tayari kwenye maji. "Bima inataka hesabu. Mimi nikiwa huku nahesabu vichwa, naita nambari, na wewe ufuoni unairudia. Huko Kilifi huwezi enda hata hatua moja bila hiyo."

"Mimi niko na viatu," Murugi akamjibu.

"Mama Mwai, viatu haina ushahidi. Mzee Wahome amekubali. Ni kurudia tu."

Akaanza kuhesabu kwa kidole, akiwanyooshea mmoja mmoja walipokuwa wakielea mbele yake. Murugi aligeuza uso, maana hakutaka kuona kile kidole kikifika kwa mwanawe. Kidole kikafika. Kefa akainua kafi juu na kuita kwa sauti yake ya baharini: "Nane!"

Murugi akainama kunyoosha viatu kwenye gogo. Kayaki zikawa zinagongana taratibu. Wageni wakaanza kutazamana, na mwalimu Wendy akauliza kama kuna shida.

"Maitu, sema tu," Mwai akamwambia huku akicheka. "Ati tutagandia hapa kwa sababu ya cucu?"

Wenzake wote walimwita mama zao *mum*, na Shiro vilevile. Mwai peke yake ndiye aliyeng'ang'ania *maitu*, la Kikuyu, tangu alipoanza kusema. Hakuna jambo ambalo angemwomba kwa jina hilo akamnyima.

"Nane," akasema.

Hapo ndipo aliposikia mtu wa tatu. Ng'ambo ya bwawa, ambako hakuna mwamba wala ukuta ila ngano tambarare hadi barabarani, sauti ilisema, "Nane." Haikuwa mwangwi wa Kefa, kwa maana ilichelewa, wala haikuwa mwangwi wa sauti yake yeye Murugi. Ilikuwa sauti ya mtu anayekubali bei. Murugi aliwatazama wengine na kuona hakuna aliyesikia. Kayaki zikageuka, zikashika njia ya kati, Kefa mbele, Mwai nyuma katika ile ya njano.

Ukungu ulishuka ghafla. Ukungu wa mlima ule hauna adabu, huingia bila hodi, lakini huu ulikuja chini kabisa, ukitambaa juu ya maji kutoka upande wa ngano, na ulipofika katikati ulisimama. Murugi na Shiro, aliyekuwa amekuja kumsaidia mama yake na chai siku hiyo, walisikia filimbi ya Kefa. Walisikia walimu wakiitana kwa majina, na kicheko cha Wendy kikawa kifupi, kisha kikakoma. Kwa kitambo bwawa zima likanyamaza hivi kwamba Murugi aliisikia sufuria ya chai ikichemka bandani nyuma yake. Kisha kayaki ya kwanza ikatokea, ikafuata nyingine, na nyingine, watu wakiwa na unyevu kwenye nyusi na hawasemi mengi.

Walitoka, wakavuta kayaki nyasini, wakavaa viatu. Kefa akawahesabu tena wakiwa wamesimama kwenye banda na vikombe mikononi, akawahesabu na yeye mwenyewe akiwemo, akapiga kofi moja la furaha.

"Nane," akasema. "Mmeona? Nane waliingia, nane wametoka. Mama Shiro, hivyo ndivyo kazi inafanywa."

Mama Shiro. Hivyo ndivyo alivyomwita, na Murugi akaitika kama aliyezaliwa nalo.

Hebu tuliseme waziwazi, maana hakuna faida kulizunguka. Mwai hakuwa amerudi, na hapakuwa na mtu pale ufuoni aliyejua kwamba kulikuwa na Mwai. Hawakumsahau kama mtu anavyosahau ufunguo, kwamba ukikumbushwa unajipiga paji. Alikuwa ametolewa ndani yao, na mahali pake pakafungwa vizuri. Kefa alikumbuka kuwaongoza walimu peke yake. Shiro alikumbuka kukua bila kaka. Na Murugi, aliyemzaa hospitalini Nyeri baada ya uchungu wa usiku kucha, alikuwa akimimina chai na kufikiria maziwa.

Ila gogo halikuwa tupu.

Aliona alipokwenda kukusanya jaketi. Mwishoni mwa gogo kulikuwa na raba nyeupe. Akazitazama, akawatazama walimu. Kila mtu alikuwa na viatu miguuni.

"Nani ameacha viatu?" akauliza.

Hakuna. Akaziinua juu wazione. Mwalimu Wendy akasema pengine ni za mgeni wa jana. Lakini jana hapakuwa na mgeni, na zilikuwa kavu kwa ndani ilhali gogo lilikuwa limelowa umande asubuhi, kwa hiyo zilivuliwa leo. Murugi akayageukia maji. Kanuni yake ilikuwa moja tu, na haikuwahi kumdanganya: viatu vikibaki, kuna mtu bado yuko majini.

"Kila mtu ataje mwenzake aliyekuja naye," akawaambia walimu. "Majina. Sitaki nambari."

Walimu walidhani ni mzaha, kisha wakamwona macho na wakaacha kucheka. Wendy akamtaja Ngugi, Ngugi akamtaja Gaudencia, na hivyo hivyo mpaka wakamrudia Wendy. Hakuna aliyepungua. Dereva wa gari lao akapiga honi kutoka juu barabarani.

"Kayaki ni ngapi?" Murugi akamgeukia Kefa.

"Ziko sawa."

"Ya njano iko wapi?"

Kefa akaangalia zile zilizolala nyasini, akaangalia kibanda chake cha vifaa. "Iko kwa fundi," akasema, na Murugi aliona kwamba jibu hilo lilimjia wakati uleule, na kwamba yeye mwenyewe alishangaa kulisikia.

"Kefa. Mlipoingia, ulipohesabu, ulijihesabu?"

"Naam?"

"Ulinyoosha kidole kwa walio mbele yako. Ukasema nane. Wewe ulikuwa ndani ya hiyo nane?"

Kefa akawageukia walimu. Akainua kidole, akakipitisha hewani akiwafuata watu ambao sasa walikuwa wakipanda njia kuelekea gari, na midomo yake ikacheza. Alipofika mwisho alikigeuza kidole kwenye kifua chake, akakiacha hapo. Sura yake ikawa ya mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Sikujihesabu," akasema kwa sauti ndogo. "Tulikuwa tisa."

"Wa tisa ni nani?"

"Sijui. Mungu wangu, Mama Shiro, sijui. Nakumbuka kila mtu na wote wako." Akayatazama maji mara moja, akarudi nyuma. Mtu yule aliyecheka na mawimbi ya Watamu hakutaka kulisogelea lile beseni. Akasema anakwenda kumwita mzee Wahome, akakimbia kuufuata mwanga wa gari, na kusema kweli Murugi hakumlaumu.

Wakabaki yeye na Shiro. Giza lilikuwa bado halijaingia, lakini ukungu ulikuwa umesimama palepale katikati ya bwawa, umekatika wima kama pazia la dukani.

"Mum, twende," Shiro akasema. "Hakuna mtu. Wote wameenda."

"Kuna mtu."

"Lakini hata hatumjui."

"Ni mtoto wa mtu," Murugi akamwambia, na kulisema hilo kulimuumiza mahali asipopajua. Alimwonea huruma mama wa yule mtu, popote alipokuwa, pengine akikoroga ugali wakati huo bila habari. Yeye mwenyewe ndiye aliyeitoa ile nambari. Kefa aliita, lakini yeye ndiye aliyeikubali, na kuna aliyeisikia na kuishika kama ilivyo. Nane wangerudi. Aliyezidi hakuwa na mwenyewe.

Alifikiria kuita tisa. Neno likafika kwenye ulimi, akaliogopa. Ukianza kubishana kwa nambari na asiyeonekana, utaishia wapi? Cucu angetaja jina. Lakini jina hakuwa nalo. Alikuwa na viatu tu.

Akakanyaga majini mpaka magotini, baridi ikamkata pumzi, akaziinua raba juu ya kichwa chake.

"Mwenye viatu hivi," akaita. "Raba nyeupe, ya kushoto imelala kisigino. Kamba yako ilikatika ukaifunga fundo. Umevivaa sana, soli imeisha mbele, unapenda kukimbia. Mguu wako ni mkubwa. Viatu vyako viko hapa, mimi ndiye niliyevishika. Toka."

Ukungu haukutikisika. Akarudia tena yote, kisigino, kamba, soli, na sauti ikaanza kumpasuka, na hakuelewa kwa nini analia kwa ajili ya viatu vya mgeni. Shiro nyuma yake alikuwa akilia pia, kwa woga.

"Mwenye viatu hivi," akaanza mara ya tatu.

"Maitu," sauti ikajibu.

Ilitoka mbali kuliko upana wa bwawa. Shiro akamkamata sweta kwa nyuma. "Mum usiitike. Mimi niko hapa. Hakuna mwingine anakuita hivyo, usiitike."

Na ilikuwa kweli, hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Alichunguza moyo wake mzima na hakumwona hata mmoja. Lakini tumbo lake liliruka, lilelile lililobeba, na mdomo ukafunguka kabla hajauruhusu.

"Ĩĩ," akaitika. "Niko hapa. Njoo kwa sauti yangu."

Akaendelea kuongea ili huyo mtu apate pa kushika, akiongea upuuzi wowote, habari ya chai, habari ya bei ya viazi. Mwishowe kafi ikasikika ikigonga plastiki. Ukungu ukatoa ncha ya njano, kisha kayaki yote, na ndani yake kijana mrefu aliyekuwa akitetemeka mpaka meno yanagongana. Murugi akaikamata kamba ya mbele, akavuta kwa nguvu zote hadi ilipopanda nyasini. Nyuma yao, ng'ambo, kulisikika kitu kama mtu anayesonya kwa hasira, kisha ukungu ukaanza kuachana vipande vipande, na mwisho yakabaki maji na bata wawili.

Kijana alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi.

"Niliwaona mkitoka," akasema. "Nilikuwa napiga kafi lakini ufuo unarudi nyuma. Naita hamsikii. Na kuna mtu huko kando yangu, simwoni, alikuwa ananiambia nitulie, ati hesabu ya nyumbani imetimia."

"Umetoka sasa," Murugi akamwambia. Akamvua jaketi iliyolowa, akamfunga leso yake mabegani, akamsugua mikono mpaka damu ikarudi kwenye vidole. Moyo wake ulijaa shukrani. Mtoto wa mtu alikuwa hai, na mama fulani leo angelala usingizi.

Akampa raba zake. Kijana akazivaa, akasimama, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Maitu, twende nyumbani. Nitakunywa hiyo sufuria yote."

Murugi akatabasamu pia, kwa adabu. "Nyumbani ni wapi, kijana? Wewe ni wa nani?"

Kijana akacheka. Akamtazama Shiro ili acheke pamoja naye, lakini Shiro alijisogeza nyuma ya mama yake kama anavyofanya mbele ya watu asiowajua. Akamtazama tena Murugi, kwa muda mrefu, akitafuta mahali ambapo mzaha ungekatika. Haukukatika. Kicheko kikamwisha usoni kidogo kidogo.

"Ni mimi," akasema. "Mwai."

Murugi akalichukua jina hilo na kulizungusha kichwani kwa makini, maana aliona kwamba kijana alikuwa anasubiri kitu kutoka kwake, na alitamani kumpa. Alipata kimoja tu. Lilikuwa jina la baba mkwe wake, marehemu, mzee mpole aliyempenda sana.

"Ni jina zuri," akamwambia. "Mungu angenipa mtoto wa kiume, ningemwita hivyo."

Kijana akainama, akaanza kuifunga upya kamba ambayo ilikuwa imeshafungwa.